Nani Anatafuta kwa Jina Lako?

Ndugu Wanachama,

Namwomba Mhariri anipe nafasi. Jambo ninalolileta si la mishahara wala si la zamu za usiku, na najua wako watakaosema halina mahali katika karatasi ya chama. Mimi nasema linalo. Mtu akiweza kuingia mahali zilipo karatasi zako za mshahara, akakaa humo miezi mitatu kama mpangaji asiyelipa kodi, nawe hujui, hilo ni jambo la chama.

Mimi ni mtu wa gengi la njia, sehemu ya Ruiru mpaka Thika. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, basi. Mambo ya kompyuta sikufundishwa na mtu. Kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelewa, na aliye mjuzi zaidi asinicheke, anisahihishe.

Jioni moja mwezi wa Septemba nilirudi kutoka kazini nikashika simu nitafute bei ya mabati, kwa sababu nyumba ya mama yangu huko nyumbani inavuja. Niliandika "ma" tu. Kabla sijamaliza neno, chini yake yakajipanga maneno ambayo si yangu: maombi ya pasipoti, mawakala wa kazi Qatar, malipo ya dereva Dubai. Nikafuta nikaanza upya. Yakaja yale yale, pamoja na mengine: mkopo wa simu bila CRB, dawa ya kuku wanaokohoa. Mimi sifugi kuku, na Dubai sina haja nayo.

Mke wangu alikuwa ameketi karibu, akayasoma. Hakusema neno mpaka watoto walipolala. Ndipo akaniuliza polepole, "Baba watoto, safari ni lini?"

Ndugu zangu, usiku ule haukuwa mzuri. Nilimwambia sijui maneno yale yametoka wapi. Mwanamke gani atakubali jibu hilo? Simu ni yangu, iko mfukoni mwangu kutwa nzima, na jina lililo juu ya akaunti ni langu. Kwake ilikuwa wazi kwamba nimechoka na reli, nataka kukimbilia Ghuba nimwachie watoto na kodi ya nyumba.

Sasa nitasema kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike. Katika ploti yetu pale Ruiru nyumba nne tunachangia intaneti moja. Chombo chake, ile ruta, kiko kwangu, nao wengine wanapata waifai kupitia ukutani. Jirani mmoja ana kijana aliyemaliza shule, bado hana kazi, na kila siku wimbo wake ni Qatar na Dubai. Niliona nimempata mwizi. Asubuhi, mbele ya watu waliokuwa wakichota maji, nikamwambia ameingia katika simu yangu kwa njia ya waifai. Akakana. Nikabadilisha neno la siri la ruta nikawakatia, na hali walikuwa wamekwisha lipa mchango wa mwezi. Mama yake alinitazama tu, akasema, "Sawa, jirani."

Siku tatu baadaye tulikuwa tunangoja treni ipite ili turudi njiani, nikamsimulia kijana mmoja wa idara ya ishara, ambaye ni mjuzi wa simu kuliko sisi sote. Alicheka. Akasema, "Mzee, waifai haichukui maneno ya mtu mmoja ikayatia katika akaunti ya mwingine. Hebu lete simu."

Akanieleza hivi. Ule ukurasa wa kutafutia wa Google haungoji umalize neno. Unabahatisha unachotaka kuandika. Jambo hili lilianza kujaribiwa mwaka 2004, kwa kazi ya mhandisi aitwaye Kevin Gibbs, na mwaka 2008 likawekwa kwenye ukurasa wenyewe kwa watu wote. Kubahatisha huko kunategemea mambo kadhaa. Kwanza ni yale ambayo watu wengi wanatafuta, kwa lugha yako na upande wako wa nchi. Matokeo ya mtihani yakitangazwa, ukiandika "ma" utaletewa matokeo ya mtihani hata kama huna mtoto shuleni. Hayo ni kama makelele ya sokoni, hayana jina la mtu, na hayana haja ya kukutia hofu.

Lakini yako mengine yaliyo na alama ya saa kando yake. Alama hiyo maana yake ni kwamba neno hilo lilikwisha tafutwa, na limehifadhiwa. Kama umeingia kwa akaunti yako, limehifadhiwa katika akaunti na si katika simu peke yake. Kwa hiyo akaunti moja ikiwa wazi katika simu hapa Ruiru, na wazi pia katika kompyuta mahali pengine, anachotafuta mtu kule kinaweza kujitokeza hapa. Maneno yangu ya Dubai yote yalikuwa na alama ya saa. Niliyatazama siku tatu bila kujua yananiambia nini.

Akafungua mahali pa usalama wa akaunti, palipoandikwa vifaa vyako. Humo vimeorodheshwa vyombo vyote vilivyoingia kwa jina langu, pamoja na mahali na wakati vilipotumika mwisho. Cha kwanza kilikuwa simu yangu. Cha pili kilikuwa simu niliyompa mdogo wangu mwaka jana, ambayo sikuitoa akaunti yangu (hilo nalo kosa). Cha tatu kilikuwa kompyuta, mahali Thika, imetumika siku ile ile, saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mimi nilikuwa na nyundo mkononi.

Nikakumbuka. Mwezi wa Juni nilikwenda Thika kwenye saiba moja kufanya hesabu ya kodi. Kila aliyeajiriwa anajua taabu ya tarehe 30 Juni. Mwajiri anakupa ile fomu ya P9, nawe huna budi kuitia katika iTax kabla ya siku hiyo, la sivyo unatozwa faini. Wengi wetu hatuna kompyuta. Tunangoja mpaka siku za mwisho, tunapanga foleni ndefu, na kijana wa saiba anafanya watu ishirini kwa saa. Nilifungua barua pepe yangu pale ili kutoa P9. Kompyuta ikaniuliza neno, nikabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza ndiyo kila mahali. Kazi ilipokwisha nikalipa, nikachukua karatasi yangu, nikaenda kupanda matatu. Nilitoka mlangoni. Katika kompyuta sikutoka.

Siku ya mapumziko nilirudi pale. Nilikwenda na hasira, tena nilikuwa nimetayarisha maneno makali. Kijana wa saiba akafungua ile kompyuta ya pembeni, na picha yangu ndogo ilikuwa bado iko pale juu. Tangu Juni mpaka Septemba kila mteja aliyeketi kwenye kiti kile alikuwa akitafuta mambo yake kwa jina langu. Yule wa kuku, yule wa mkopo, yule anayetaka kuendesha gari Dubai. Watu watano, labda kumi, labda hamsini. Hakuna aliyekuwa mwizi, wala hawakujua. Kijana akaniambia, "Lakini mzee, ni wewe hukutoka." Sikupata jibu. Hata leo naona alisema nusu ya kweli.

Nusu ya pili ndiyo nataka kuisema hapa.

Wako wenzetu wasemao kwamba mtu wa gengi hana cha kuibiwa. Nataka wafikiri ni nini kilichokuwa wazi katika kompyuta ile muda wa miezi mitatu. Katika barua pepe yangu mlikuwamo P9, yaani mshahara wangu wote wa mwaka. Mlikuwamo picha ya kitambulisho changu, mbele na nyuma, niliyompelekea karani wa SACCO. Mlikuwamo karatasi za kuandikisha jamaa yangu katika SHA, ambayo tangu tarehe 1 Oktoba 2024 imechukua mahali pa NHIF. Majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Na hilo si baya kuliko yote. Ukisahau neno la siri la iTax, jipya hutumwa wapi? Kwa barua pepe. Akaunti nyingine nyingi ni vivyo hivyo. Basi mwenye barua pepe yako hana haja ya kuiba funguo zako nyingine. Anasema tu "nimesahau", naye anatengenezewa mpya.

Sisi wa reli jambo hili lingetuingia upesi kuliko watu wote. Njia hii yetu, iliyofika Thika mwaka 1913, ni njia moja. Treni haiingii katika sehemu mpaka dereva apewe kibali, na kibali cha sehemu moja hakipewi treni mbili kwa wakati mmoja. Hakuna anayembembeleza msimamizi wa stesheni amwazime kibali "kwa dakika mbili tu". Lakini neno la siri la barua pepe tunamwandikia kijana wa saiba katika kipande cha karatasi, tena tunamwachia karatasi hiyo. Wako wanachama, sitawataja, ambao hawajui neno lao la siri hata sasa. Alilichagua kijana wa saiba siku ya kuwafungulia akaunti, na kila mwaka hurudi kwake awaingize. Nimeuliza katika gengi letu peke yake, nikapata zaidi ya mmoja.

Kwa nini hali ni hivyo? Si kwa kuwa sisi ni wajinga, kama wengine wapendavyo kusema. Ni kwa sababu kazi za ofisi zimehamishiwa mahali ambapo mfanyakazi wa mikono hana chombo cha kufikia. Kodi ilihamia iTax. Tarehe 30 Juni 2023 Serikali ilizindua mpango wa Gava Mkononi, ikatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana kwa eCitizen. Ni jambo jema, sikatai. Zamani ungepoteza siku nzima na nauli kwenda Nairobi kwa karatasi moja. Lakini "mkononi" ni mkononi mwa nani? Kwa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka huwezi kujaza fomu ndefu ya kodi. Basi mkono unakuwa ni wa kijana wa saiba, na siri yako inakaa katika mkono huo.

Mnakumbuka vilevile yaliyotokea mwezi wa Julai mwaka ule ule wa 2023. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilisonga mitambo ya eCitizen kwa maombi ya uongo mengi mno hata watu wa kweli wakashindwa kuingia, na waliotaka tiketi za treni nao wakapata taabu. Magazeti yaliandika, Waziri akasema, na mwaka 2024 Marekani iliwashtaki ndugu wawili Wasudani kwa mambo ya kundi hilo. Lile lilikuwa jambo kubwa, lakini lilikuwa kama watu kuziba mlango wa stesheni. Serikali ilisema taarifa za watu hazikuchukuliwa. Hili langu ni dogo, halitaandikwa na gazeti lolote, na mlango ulikuwa wazi kabisa.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha ya mambo yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inamtoza aingiaye bila ruhusa faini isiyozidi shilingi 5,000,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2019 ikaja sheria ya kulinda taarifa za watu. Nazisifu. Lakini zitamshika nani katika jambo langu? Yule mwenye kuku?

Basi nieleze nilivyofanya, na atakaye afanye vivyo hivyo. Kwanza nilibadilisha neno la siri la barua pepe, nikachagua refu ambalo silitumii mahali pengine popote. Hapo awali neno moja lilikuwa la barua pepe, la iTax, na la waifai, yaani ufunguo mmoja wa nyumba, choo na ghala. Kisha nikaviondoa vile vifaa viwili katika orodha, kimoja kimoja. Kisha nikaweka uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akiwa na neno la siri bado asiweze kuingia mpaka simu yangu iseme ndiyo. Namba ile inayokuja kwa simu haisomewi mtu yeyote, hata akisema ni wa kampuni, hata akikutaja jina lako na la baba yako. Nikapiga *106# kuona laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho changu. Mwisho nikafungua mahali panapoitwa shughuli zangu, nikayafuta yale maneno ya wageni. Yalikuwa mengi. Mtu mmoja alikuwa akitafuta kila wiki, tena na tena, dalili za ugonjwa ambao sitautaja. Niliona haya kuyasoma. Yule mtu aliamini yuko peke yake.

Kuhusu waifai ya ploti: si waifai iliyonipatia taabu, lakini haikuwa salama vilevile. Lile neno lililobandikwa chini ya ruta tangu kiwandani lilikuwa halijabadilishwa, na neno la kuingilia mipangilio yenyewe ya ruta lilikuwa la kiwandani pia. Mtu akilijua hilo la pili aweza kuwafungia wenye nyumba nje, au kuwapeleka mahali wasipokusudia. Nimeyabadilisha yote mawili. Tena mjue kwamba nyumba zinazochangia ruta moja, kwa upande wa nje huonekana kama nyumba moja. Mmoja akifanya uhalifu, mlango wa kwanza kubishwa ni wa aliyeandikisha. Sisemi tusichangie. Kwa mishahara hii tusipochangia tutakaa gizani. Nasema wanaochangia wajuane.

Yako pia maneno ya kigeni yanayotokana na programu ndogo zinazojipachika katika simu mtu anapobonyeza matangazo. Hizo hubadilisha hata ukurasa wenyewe wa kutafutia. Ukiona ukurasa wako umegeuka sura, huo ni ugonjwa mwingine. Tafuta ile programu usiyoijua, uiondoe.

Sasa naja kwa chama. Nataka mambo matatu, na si hisani. Kwanza, kila tawi liwe na kompyuta moja na mashine moja ya kuchapia karatasi, katika ofisi ya chama, pamoja na kitabu cha kuandika nani ameketi na saa ngapi ametoka. Fedha zipo. Tukiweza kulipia mahema na soda za mkutano wa mwaka twaweza kulipia kompyuta iliyotumika. Pili, chama kipatane na wakubwa ili P9 itolewe mapema, na kila mwanachama apewe nusu siku ya kufanya hesabu yake ya kodi bila kukatwa. Tuko katika foleni ya tarehe 30 kwa sababu tarehe nyingine zote tuko njiani. Tatu, vijana wa idara ya ishara na makarani wanaojua mambo haya watufundishe, jioni moja kwa mwezi. Mtu afundishwe kufungua akaunti yake kwa vidole vyake mwenyewe, hata ikichukua saa nzima, hata akikosea mara kumi. Kijana wa saiba ni mwepisi kwa sababu anafanya kwa niaba yako. Wepesi huo ndio ulioniponza.

Najua katibu mmoja atasema kazi ya chama ni kudai haki kwa mwajiri, si kufundisha watu simu. Namwuliza: mwanachama akichukuliwa mkopo kwa kitambulisho chake, jina likapelekwa CRB, SACCO ikamnyima wa ada ya shule, atakuja kulia wapi? Atakuja kwa chama, na chama kitaandika barua. Barua hiyo itachelewa.

Jambo la mwisho ni la kwangu. Nilikwenda kwa jirani jioni, na mke wangu akafuatana nami, kwa sababu alitaka kusikia mwenyewe. Nikawaeleza habari ya saiba mbele ya kijana wao, nikasema nilikosa, na kwamba nitasema hivyo hivyo pale kwenye mfereji wa maji, mahali nilipomwaibisha. Nilisema hivyo asubuhi yake. Mchango wa mwezi niliwarudishia, nao wakaurudisha kwangu, waifai ikawashwa. Kijana hakunijibu sana. Baada ya juma moja alikuja na simu yake, akaniomba nimwonyeshe ile orodha ya vifaa, kwa kuwa yeye naye alikuwa amepeleka maombi yake ya kazi kutoka saiba mbili, moja Ruiru na moja Thika. Tulizikuta zote mbili bado wazi.

Shauri hili nitalileta mbele ya mkutano wa tawi. Mwenye neno la kulipinga aje alipinge pale, si ndani ya behewa.

Wenu katika kazi,
Mtu wa Gengi, Ruiru